Maji ya ndoo hayachemki – mradi wa jua, Kidato cha 3

Kidato3_Dar:
Wakuu, shikamooni. Tunaandaa mradi wa maonyesho ya sayansi: kupasha maji kwa jua bila pampu. Boksi la mbao sm 100 kwa 50, ndani bati lililopakwa rangi nyeusi, juu kioo. Bomba jeusi la nusu inchi tumelizungusha ndani kama dawa ya mbu ya kuchoma. Ndoo ya lita 20 iko juu ya stuli, kimo kimoja na boksi. Bomba linaunguza mkono, ila ndoo ni vuguvugu tu. Shida nini?

FundiBomba:
Marahaba. Maji hayazunguki. Pandisheni ndoo, kitako chake kizidi ukingo wa juu wa boksi kwa sm 30 hivi. Bomba la baridi litoke chini ya ndoo liingie boksi upande wa chini. La moto litoke upande wa juu lirudi ndoo, mdomo ukiwa umezama. Maji yakishuka chini ya mdomo huo, mzunguko umekatika.

Hilo duara nalo livunjeni. Kila mzingo una sehemu inayopanda na inayoshuka, na hewa inakaa pale juu inaziba njia. Lazeni bomba kwa zigzagi, kila mstari uwe unapanda kidogo, pasiwe na bonde wala kilima. Lifungeni kwenye bati kwa waya kila sm 10. Lisipogusa bati, joto la bati halilifikii.

Kidato3_Dar:
Asante mkuu. Tukitumia bomba la PVC, lile la plastiki ngumu? Ni rahisi kupata.

FundiBomba:
Hapana. PVC ya kawaida hulainika kuanzia nyuzi 60 hivi, na boksi kavu juani linapita hapo. Hata hilo mlilonalo, likiwa halina maji funikeni kioo kwa gunia.

Mwl_Fizikia:
Majaji watauliza hesabu. Jua kali la mchana ni kama wati 1000 kwa mita ya mraba. Boksi lenu ni nusu mita ya mraba, yaani wati 500. Kwa kifaa cha kujitengenezea kadirieni nusu yake, wati 250, sawa na jouli 900,000 kwa saa. Lita 20 zinataka jouli 84,000 kwa kila nyuzi moja. Mtapata nyuzi 10 au 11 kwa saa, zikipungua kadiri maji yanavyopata moto. Mkitaka kuwavutia watu, wekeni lita 10.

Ndoo iwe na mfuniko na izungushiwe blanketi, la sivyo mvuke na upepo vitakula kazi yote. Boksi liinamishwe nyuzi 15 kuelekea kaskazini. Kwa Dar hata 7 zingetosha kwa jua. Za ziada ni za kusaidia maji kupanda.

Kujua kama yanatembea, dondosheni tone la wino mbele ya mdomo wa bomba la moto ndani ya ndoo. Likisukumwa pembeni, mko sawa. Likizama tu pale pale, tafuteni hewa iliyoziba bomba.