Naomba ushauri: Mungu wa upendo na moto wa milele, nawafundishaje vijana?

Mtumishi_Kibirizi (Kigoma)

Bwana Yesu asifiwe, wakuu.

Nina darasa la Biblia la vijana hapa Kigoma mjini, watu kama 25, umri miaka 16 hadi 24. Jumamosi mbili zijazo somo ni jehanamu, saa moja na nusu kila kipindi. Maswali wameshaandika kwenye vikaratasi na yote yanarudi kwenye mambo matatu. Mungu ambaye ni upendo anawezaje kumwadhibu mtu bila mwisho kwa dhambi za miaka sitini au sabini? Mababu waliokufa kabla injili haijafika Ujiji wako wapi? Na moto wenyewe ni moto kweli au ni lugha ya mfano?

Nianzie wapi, nifungue aya zipi, na zipi zinahitaji tahadhari? Kuwatisha sitaki. Kuwaambia "msihoji" pia sitaki, maana anayenyamazishwa kanisani ataenda kuuliza kwingine.

Fundi wa Maneno (Tabora)

Mtumishi, anza na maneno kabla hujagusa upendo wala haki. Mabishano mengi ya moto yanatokana na kuchanganya vitu vinne ambavyo Biblia imeviweka mbalimbali.

Kiebrania kina Sheoli, limetokea mara 65 hivi katika Agano la Kale, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version huliita kuzimu. Ni makao ya wafu wote, wema kwa wabaya. Yakobo alipoamini Yusufu ameraruliwa na mnyama alisema atamshukia mwanawe kuzimu (Mwanzo 37:35), wala hakuwa na maana kwamba mtoto yuko motoni. Kiyunani kina Hadesi, nalo limetafsiriwa kuzimu. Waweke Zaburi 16:10 na Matendo 2:27 ubavu kwa ubavu wataona wenyewe. La tatu ni Gehena, ndilo jehanamu. La nne ni Tartaro, limetumika mara moja tu, 2 Petro 2:4, tena kwa malaika waliokosa. Union pale inasema "shimoni".

Kiswahili kitakusaidia. Kuzimu lina ukoo mmoja na mzimu na mizimu, kwa hiyo kijana wa Kigoma akilisikia anaelewa mahali pa waliokufa hata kabla hujamfafanulia. Jehanamu limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na vijana wa Ujiji wamekua pamoja na wenzao wanaosoma madrasa. Akitokea mmoja akataja milango saba, mwambie kwa heshima kwamba hiyo ni Qurani (15:44), na leo tunasoma Biblia kwa maneno yake yenyewe.

Kwenye Gehena tulia, usikimbie. Ni bonde halisi, Bonde la mwana wa Hinomu, kusini mwa Yerusalemu. Pale Tofethi, ndani ya bonde hilo, watu waliwachoma moto wana wao na binti zao. Someni Yeremia 7:31 polepole, kwa sauti: Mungu anasema jambo hilo hakuliagiza, "wala halikuingia moyoni mwangu". Mfalme Yosia akapanajisi mahali pale pasitumike tena (2 Wafalme 23:10). Kwa hiyo jina ambalo Yesu alilichagua kwa hukumu lilitoka mahali ambapo wanadamu walichoma watoto na Mungu akachukizwa. Kijana anayeuliza kama Mungu anafurahia kuunguza watu aanzie hapo.

Tahadhari moja. Utasikia sana kwamba Gehena lilikuwa jalala la Yerusalemu lililowaka usiku na mchana. Usilifundishe kama jambo lililothibitika. Maelezo hayo yanajulikana kutoka kwa mwalimu wa Kiyahudi Daudi Kimhi, yapata mwaka 1200, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu, na uchimbaji haujalithibitisha. Yeremia anakutosha.

Halafu wape hesabu, vijana wanapenda hesabu. Gehena limetokea mara 12 katika Agano Jipya: Mathayo mara 7, Marko mara 3, Luka mara 1, Yakobo mara 1. Mara 11 limo kinywani mwa Yesu, na wanaoambiwa ni wanafunzi wake, au waandishi na Mafarisayo. Hakuna hata mara moja alipomtupia mpagani neno hilo. Paulo hakulitumia kabisa katika nyaraka zake.

Msabato_Kasulu

Ndugu, Fundi amesema vizuri. Mimi naongeza msimamo ambao sisi Waadventista tunaufundisha, na siku hizi wapo pia Waprotestanti wengine wanaoushika. John Stott, Mwanglikana wa Uingereza, aliuelekea hadharani mwaka 1988.

Hoja yake ni hii. Asiyekufa kwa asili ni Mungu peke yake (1 Timotheo 6:16). Mtu alizuiwa mti wa uzima asije akaishi milele katika dhambi (Mwanzo 3:22-24). Mshahara wa dhambi ni mauti (Warumi 6:23), na Yohana 3:16 inaweka kupotea upande mmoja, uzima upande wa pili. Ziwa la moto lenyewe linaitwa mauti ya pili (Ufunuo 20:14). Basi waovu watahukumiwa, wataadhibiwa kila mtu kwa kadiri yake, kisha hawatakuwapo tena.

Watakuuliza, "moto wa milele" je? Fungua Yuda 7: Sodoma inatajwa kwa adhabu ya moto wa milele. Kisha 2 Petro 2:6: miji hiyo ikawa majivu. Haiwaki leo. Matokeo ndiyo ya milele, kama Waebrania 9:12 inavyosema ukombozi wa milele, na msalaba ulikuwa siku moja. Hata "funza wao hafi" ya Marko 9:48 imetoka Isaya 66:24, na Isaya anaongelea mizoga.

Mzee wa Gungu

Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote. Msabato ameeleza kwa adabu, lakini Mtumishi asiende darasani na upande huo peke yake, kwa sababu sehemu kubwa ya kanisa kwa karne nyingi, Wakatoliki, Walutheri, Wamoravian, Wapentekoste, wamefundisha adhabu isiyo na mwisho, na walikuwa na sababu.

Kisiki chenyewe ni Mathayo 25:46: "adhabu ya milele" na "uzima wa milele" katika sentensi moja, na Kiyunani ni neno lile lile, aionios. Agostino (354–430), mwalimu wa kanisa la kale, alilishikilia hapo: ukifupisha upande mmoja, kwa haki gani unauacha mwingine? Pia Ufunuo 14:11 inasema moshi wa maumivu yao hupanda milele na milele, wala hawana raha mchana na usiku. Mwalimu mwaminifu hazifichi aya hizo.

Sasa upendo. Hapo wengi hukosea kwa kudhani upendo na hukumu ni maadui. Waoneshe miembe ya Ujiji kwenye njia ya kale. Njia ile ndiyo iliyopita misafara ya watumwa kwenda Tabora hadi Bagamoyo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Kabla ya hapo walikufa njiani watu wasiohesabika, na wengi waliowauza walizeeka na kufa vitandani mwao wakiwa na mali. Hakuna mahakama iliyowaita. Mama aliyeachwa porini na mtoto mgongoni, akiambiwa Mungu anampenda lakini hatauliza kitu juu ya jambo hilo, atauitaje upendo? Kilio cha Ufunuo 6:10, "Hata lini", ni kilio cha walioonewa. Hukumu ni jibu la mwenye kupenda.

Hapo hapo usiache Luka 12:47-48, mapigo mengi na mapigo machache. Moto wa kiwango kimoja kwa mwizi wa kuku na kwa muuaji wa maelfu si fundisho la Yesu. Na pepo mwenye uma anayewachoma watu hayumo katika aya yoyote. Hiyo ni michoro ya Ulaya ya kale. Katika Mathayo 25:41 na Ufunuo 20:10 Ibilisi ni mfungwa, wala si mkuu wa gereza.

Mtumishi_Kibirizi

Shikamoo mzee, nimepokea. Swali: mfano wa tajiri na Lazaro, Luka 16, si unamaliza ubishi wa moto wa milele?

Mzee wa Gungu

Marahaba mwanangu. Haumalizi. Luka 16:23 inasema "kuzimu", yaani Hadesi, na ndugu watano wa tajiri bado wako hai nyumbani. Ni kabla ya hukumu ya mwisho. Utumie kwa kile ulichokusudiwa, maskini mlangoni, na kwa kuonesha kwamba baada ya kufa kuna kuwajibika. Ukiufanya ramani ya jehanamu, kijana makini atakubana.

Katekista Ipuli (Tabora)

Tumsifu Yesu Kristo. Natoa upande wa Kanisa Katoliki, kwa sababu darasani mwako watakuwemo waliolelewa huko.

Katekisimu ya 1992 ifungue namba 1033 hadi 1037. Inasema moto wa milele upo, na adhabu yake kuu ni kutengwa na Mungu. 1033 inaueleza kuwa hali ya mtu kujitenga mwenyewe na Mungu kabisa. 1037 inasema Mungu hampangii mtu yeyote kwenda huko; lazima mtu amwache Mungu kwa hiari yake na adumu hivyo hadi mwisho. Papa Yohane Paulo II, katika katekesi ya Julai 28, 1999, alieleza kwamba moto huo ni zaidi hali ya aliyejitenga na Mungu kuliko mahali. Kanisa huwatangaza watakatifu kwa majina; halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni.

Wapo pia wa kale waliotumaini wote watarudishwa kwa Mungu mwishoni. Origene, karne ya 3, ndiye anayejulikana zaidi, na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Konstantinopoli wa 553 ulimtaja miongoni mwa wazushi. Gregori wa Nisa, karne ya 4, aliandika mambo ya karibu na hayo na bado ni mtakatifu. Aya zao ni 1 Wakorintho 15:22 na Wakolosai 1:20. Wataje, vijana wajue swali lao halikuzaliwa mtandaoni.

Kuhusu mababu. Wamisionari Waprotestanti wa London Missionary Society walifika Ujiji 1878, Mapadri Weupe wa Kikatoliki 1879. Kuna vizazi vingapi kabla ya hapo! Usikwepe. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, namba 16, unafundisha kwamba wasiomjua Kristo bila kosa lao, wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri kwa msaada wa neema, wanaweza kuokoka. Kwa Waprotestanti fungua Warumi 2:12-16 na Matendo 17:30, kisha swali la Ibrahimu: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" (Mwanzo 18:25). Mwanafunzi akikuuliza babu yake yuko wapi, jibu halali ni kwamba yuko mikononi mwa huyo Mhukumu.

Mama Uvinza

Natoka kwenye chumvi, nitasema la chumvi. Marko 9:49, mara tu baada ya moto usiozimika, Yesu anasema kila mtu atatiwa chumvi kwa moto. Watu wa Kigoma wanaujua moto huo: maji ya chemchemi ya Uvinza yanachemshwa, mvuke unapanda, maji yanapungua, mwisho kwenye ukingo wa chombo yanaonekana magamba meupe yakiganda. Moto huo huo unaondoa kitu na kuacha kitu. Swali la tatu la vijana waligeuze hivyo: moto katika Biblia unaangamiza (Sodoma), unasafisha (Malaki 3:2), na unajaribu kazi ya mtu (1 Wakorintho 3:13-15). Tena jehanamu inaitwa moto na pia giza la nje (Mathayo 8:12), na mwali hauwi giza. Lugha ya mfano, ndiyo, lakini mfano wa jambo zito.

Fundi wa Maneno

Mama, mfano ni mzuri, ila Mtumishi asiubebeshe fundisho zima. Marko 9:49 inagusa Walawi 2:13, sadaka iliyotiwa chumvi, na wafasiri hawajakubaliana maana yake. Autumie kufungua mazungumzo tu.

Mama Uvinza

Sawa mwalimu, nakubali. Sasa utaratibu, maana hapo ndipo vipindi vya namna hii huharibika.

Jumamosi ya kwanza usifungue Ufunuo kabisa. Ukianza na ziwa la moto, utakachopata ni woga, na mwenye woga haulizi. Tumia dakika 40 kwa maneno manne, vikundi vinne vya watu sita hivi, kila kikundi neno moja, na Biblia mbili za tafsiri tofauti kila kikundi, Union na Habari Njema, maana hazitafsiri sawa kila mahali. Dakika 30 Bonde la Hinomu na Ezekieli 33:11, Mungu anayesema hafurahii kufa kwake mtu mwovu. Zilizobaki, maswali.

Jumamosi ya pili, misimamo mitatu (wa mzee, wa Msabato, na wa wote kurudishwa kwa Mungu), kila mmoja na aya yake yenye nguvu zaidi na aya inayoubana. Usipigishe kura ya mikono. Vijana watafuata rafiki zao. Usimalize kwa kuwaita mbele watubu siku hiyo hiyo, maana watadhani maswali yote yalikuwa mtego. Na uliza mapema, faraghani, nani amefiwa karibuni. Aliyezika mwezi uliopita asikalishwe katikati ya mjadala wa nani ameokoka bila kujua kinachokuja. Mpe nafasi ya kuchagua, na abaki mtu mzima wa kuongea naye dakika 20 baada ya kipindi.

Mtumishi_Kibirizi

Mungu awabariki nyote. Nimeandika. Ufunuo 14:11 basi naiweka Jumamosi ya pili, chini ya msimamo wa mzee. Aya ya kuubana niipate wapi?

Msabato_Kasulu

Isaya 34:10. Moshi wa nchi ya Edomu unapaa milele, na aya zinazofuata mbweha na mbuni wanakaa hapo hapo.

Mzee wa Gungu

Sawa, aisome. Na baada ya Isaya arudi kusoma 14:11 mpaka mwisho, "hawana raha mchana wala usiku", awaulize vijana kama Isaya ana maneno hayo.

Mtumishi_Kibirizi

Nimeelewa. Zote mbili nitaziandika ubaoni, safu kwa safu, kabla hawajaingia.