Ati mimi nisikilize gitaa tu, maneno niwaachie wao!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika uzi huu vumbi la Mwanga likiwa bado miguuni mwangu, chakula kimepoa mezani, na mke wangu ameniuliza mara tatu ninamwandikia nani kwa hasira namna hii. Nimemjibu kwamba ninamwandikia kila mkazi wa Kigoma mwenye masikio mawili.

Mnamjua. Sitamtaja, kwa sababu kumtaja ni kumpa heshima nyingine juu ya ile aliyojipa mwenyewe. Ni yule bwana wa kijiwe cha kahawa, anayekalia benchi la ukutani tangu alasiri hadi adhana ya Isha, mwenye redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, ambaye hakuna wimbo unaoweza kwisha kabla hajainua kidole na kusema, "Sasa hapo, alikuwa na maana yake." Kila aliyewahi kunywa kahawa pale amekwisha kufasiriwa wimbo bila kuomba. Nasikia hata jogoo wa jirani yake akiwika, yeye hueleza alichokusudia.

Leo jioni nilikuwa nimempeleka shemeji yangu, aliyekuja kutoka Kasulu, apate kahawa na kashata kama mgeni anavyostahili. Redio ikapiga "Kifo" cha Dokta Remmy Ongala. Mimi nilinyamaza, kwa sababu wimbo ule una historia nyumbani kwetu. Marehemu baba alikuwa na kaseti yake, aliyoiandika kwa kalamu ya bluu "DOKTA, USIGUSE", na wino ulikuwa umefifia mahali pamoja tu, pale alipozoea kuibana kwa kidole gumba. Utepe ulipolegea tuliuzungusha kwa penseli. Wiki tuliyomzika, kaka yangu aliupiga wimbo huo jikoni kila usiku, kwa sauti ya chini, wageni wakiwa wamelala kwenye mikeka. Ndiyo maana ninapousikia sihitaji mkalimani.

Yule bwana akainua kidole. Akasema kwamba wajinga wanadhani kifo ni kifo. Akasema kifo katika wimbo ule ni Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwamba Remmy alikuwa akililia masharti ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1986, na kwamba ukihesabu gitaa linavyojibu baada ya kila kiitikio utapata idadi ya mara ambazo shilingi ilishushwa thamani. Wakuu, nilihesabu. Sikupata chochote isipokuwa gitaa.

Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, huenda alimaanisha kifo." Akanigeukia. Akaniuliza, soksi katika "Mambo kwa Soksi" zilikuwa soksi? Nikasema hapana, kila mtu anajua zilikuwa kondomu, na Redio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo huo kwa sababu nao walijua. Akasema, "Basi kama soksi si soksi, kwa nini kifo kiwe kifo?"

Nikakaa kimya kidogo, nikitafuta jibu. Hapo ndipo alipoweka kikombe chini, taratibu, akanipiga bega mara mbili kama mtu anayembembeleza ndama, mbele ya shemeji yangu, akasema: "Mdogo wangu, wewe sikiliza gitaa tu. Maneno tuachie sisi."

Gitaa tu! Muuza kahawa alicheka hadi birika likamwagika, na kile kilichobaki akammiminia yeye, bure. Mimi nililipa vikombe vitatu na kashata nne.

Mtu huyu hajawahi kukutana na mwanamke katika wimbo akamwacha abaki mwanamke. Kwake Mariamu ni jimbo la uchaguzi na Karola ni deni la taifa. Lakini hilo ningemsamehe. Nisichoweza kusamehe ni lile bega. Mara mbili, wakuu, na mkono wenyewe ulikuwa na chengachenga za kashata. Nilipokuwa nikiondoka, kijana wa bodaboda ambaye hata hakuwapo aliniita, "Mzee Gitaa, tupande?" Habari ilikuwa imenitangulia barabarani.

Jibu lilinijia nilipofika Katubuka, kilomita kadhaa baada ya kuhitajika. Naomba mniambie: mtu kama huyu anafanywaje?

Mgebuka Mkavu: Pole sana, Mzee Gitaa.

Mwisho wa Reli: Nimesoma uzi wote nikitafuta jibu lililokujia Katubuka, sikuliona. Umeeleza kashata, birika, bega na bodaboda, lakini hoja umeiacha njiani. Kwa kweli yule bwana alikuuliza swali zuri. Kama mtunzi amekwisha kukuonyesha kwamba anaweza kusema soksi akakusudia kitu kingine, msikilizaji ana haki ya kulishuku kila neno linalofuata.

Mleta mada: Sikuomba hukumu, niliomba pole. Na nakukumbusha kwamba alinipiga bega mbele ya shemeji.

Shangazi wa Gungu: Mwanangu, bega halina kosa. Kosa ni kwenda kukaa pale ukiwa na mgeni. Sisi majirani zake tunapita barabara ya pili hata kama mvua inanyesha.

Mnyamwezi wa Isevya: Nawasalimu kutoka Tabora. Nasikitika kusema kwamba watu wa Kigoma mnalalamikia mfasiri mwanafunzi, wakati sisi tunaye bingwa. Wa kwetu ni kinyozi. Mji uliowahi kuwa na Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz ungetarajiwa kuwa na watu wanaojua kusikiliza, lakini huyu wimbo ukimgusa anazima mashine, anaiweka begani mwako na kuanza kueleza. Mwezi uliopita alifika ubeti wa pili, umeme ukakatika, nikaenda kwenye harusi ya mpwa wangu nikiwa nimenyolewa upande wa kulia peke yake. Wewe ulipigwa bega. Mimi nina picha za harusi.

Mgebuka Mkavu: Tunaomba hizo picha.

Mleta mada: Nasikitika kwa nywele zako, lakini kinyozi hakukuambia usikilize gitaa tu. Hapo ndipo penye tofauti. Mtu anaweza kukosea maana ya wimbo, hata mimi nimewahi kukosea, ila kumwambia mwenzako kwamba maneno si saizi yake, ukiwa umebakiza kahawa ya bure kikombeni, ni jambo jingine kabisa.

Kaseti Kongwe: Naomba niseme jambo moja kwa ajili ya Dokta mwenyewe. Mtu aliyezaliwa Kindu kule Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia bendi ya Makassy, kisha akaibeba bendi ya Super Matimila hadi majukwaa ya Ulaya, hakuwa mtu wa kuogopa kusema. Alipotaka kusema kwamba mnyonge hana haki, aliimba hivyohivyo, tena akaufanya jina la wimbo. Hakuhitaji kulificha hilo chini ya kifo. Watu wanaochimba siasa ndani ya kila ubeti wake wanasahau kwamba siasa zake alikuwa ameziweka mlangoni, mahali ambapo hata mpita njia angezikwaa.

Mwisho wa Reli: Hiyo sasa ndiyo hoja. Mleta mada, jifunze.

Bibi Kanga wa Ujiji: Nyinyi mnazungumzia watu wanaofasiri nyimbo za marehemu, ambaye hawezi kuja kulalamika. Mimi nina jirani anayefasiri taarabu ninayoiweka nikipika. Wimbo ukitaja mwenye wivu, ni yeye. Ukitaja aliyeachwa, ni yeye. Jumamosi iliyopita niliweka wimbo wa mapenzi tu, mwanamke anamsifia mumewe, basi jirani akatoka na ndoo ya maji ya kuoshea dagaa akayamwaga mlangoni kwangu, akisema amesikia ujumbe wangu. Nilimuuliza ni ujumbe upi. Akasema, "Ungekuwa huna neno usingeongeza sauti pale." Nilikuwa nimeongeza sauti kwa sababu mafuta ya mawese yalikuwa yanachemka na sikuwa nasikia.

Shangazi wa Gungu: Bibi, na kanga uliyokuwa umevaa siku hiyo iliandikwaje?

Bibi Kanga wa Ujiji: Hilo halihusiani.

Mnyamwezi wa Isevya: Linahusiana sana.

Bibi Kanga wa Ujiji: Iliandikwa maneno ya kawaida kuhusu majirani.

Mleta mada: Naomba turudi kwenye mada. Nilikuwa nimeahidi jibu la Katubuka na nimepata utulivu wa kuliandika. Soksi zilifichwa kwa sababu kitu chenyewe hakikuweza kutajwa mbele ya wazazi na watoto, wakati UKIMWI ulikuwa unamaliza watu, kwa hiyo mtunzi alilifunika neno kwa kitambaa chepesi, kila mtu akaona kilichokuwa chini yake, na ndiyo maana redio ilikataa. Fumbo la aina hiyo linafunikwa ili lifunuliwe. Lakini kifo hakuna aliyewahi kukatazwa kukitaja. Kinatajwa msikitini, kanisani na kwenye gari la abiria. Mtu hafichi kwa neno ambalo ni zito kuliko kile anachokificha. Kama angetaka kulisema Shirika la Fedha, angeliita panya, au mpangaji, au mjomba asiyeondoka, na tungecheka. Aliposema kifo alikuwa amechoka kuzika.

Mjukuu wa Mlinguru: Samahani kwa kuingia katikati, sikusoma ya juu yote. Kuhusu wafasiri, naomba kuleta kesi ya mjomba wangu. Aliwahi kukaa Kalemie miezi minne akiuza chumvi, na tangu arudi yeye ndiye ofisa wa Kilingala wa ukoo mzima. Mnaujua wimbo wa Franco, yule mpiga gitaa wa Kongo, wa mwaka 1973 uitwao "Azda"? Mjomba alitufasiria kwamba Azda ni mwanamke mrembo aliyemwacha mpenzi wake akilia kando ya maji. Pale kwenye kiitikio, wanaporudia "vewe, vewe", alisema ni jina la utani ambalo mpenzi wake alimwita wakiwa wawili. Ukoo mzima ulikuwa unafumba macho wimbo ule ukipigwa. Shangazi yangu mmoja alikuwa anatoa leso.

Basi akaja Mkongomani na boti la mizigo pale Kibirizi, akakaribishwa ugali na migebuka, tukampigia wimbo ule kwa heshima ya kwao. Akaanza kucheka hadi akaacha kula. Akatueleza kwamba Azda ni kampuni iliyokuwa ikiuza magari ya Volkswagen kule Zaire, kwamba wimbo mzima ni tangazo la biashara, na kwamba "vewe" ni V na W, zile herufi mbili za kwenye boneti. Mjomba hakusema kitu. Alichukua tonge lake, akalichovya kwenye mchuzi, akalirudisha sahanini, akatoka nje.

Tatizo ni kwamba kufikia siku hiyo dada yangu alikuwa amekwisha kumpa mtoto wake wa kwanza jina la Azda.

Mgebuka Mkavu: Nimelala chini.

Mwisho wa Reli: Subirini. Mtoto ana jina la duka la magari?

Mjukuu wa Mlinguru: Katika cheti cha kuzaliwa, ndiyo.

Mnyamwezi wa Isevya: Nafuta malalamiko yangu kuhusu kinyozi. Nywele zimeota.

Shangazi wa Gungu: Mimi nasema mjomba hakukosea sana. Mtu anayelisifia gari kwa sauti ile analipenda kama mwanamke.

Mleta mada: Wakuu, je, kuna aliyesoma jibu langu la Katubuka?

Kaseti Kongwe: Shangazi, tena gitaa la Franco mle ndani linafanya kazi yote. Hata usipojua neno moja, linakushika.

Mgebuka Mkavu: Kwa hiyo tusikilize gitaa tu.

Mleta mada: Nimeona. Si la kuchekesha.

Bibi Kanga wa Ujiji: Mimi ningependa kujua mjomba aliomba radhi au hakuomba, kwa sababu jirani yangu hajaomba mpaka leo na mlango bado unanuka dagaa.

Mjukuu wa Mlinguru: Hakuomba, Bibi. Siku ya pili alisema kwamba Mkongomani yule ni wa mashariki, Kilingala chake si cha Kinshasa, na kwamba gari nalo lilikuwa na maana yake.

Mwisho wa Reli: Na binti Azda mwenyewe yuko wapi sasa?

Mjukuu wa Mlinguru: Yuko Kazuramimba, ameolewa, ana duka la vipuri vya pikipiki.

Mnyamwezi wa Isevya: Naomba namba ya duka. Natafuta kioo cha Volkswagen tangu Ramadhani.