Mandhari ya shamba kwa akriliki: kijani chote kinafanana, rangi haikai bapa

Bonde_la_Ruvuma:
Wakuu, habari za jioni. Nina picha ya sentimita 40 kwa 50 ya bonde linavyoonekana ukisimama Shimo la Mungu, Newala. Mtindo ni wa kurahisisha: maumbo makubwa, rangi zinazowaka, bila kuchora jani moja moja. Mbele nimeweka mikorosho na barabara ya udongo mwekundu, katikati mihogo, mbali kabisa vilima vya upande wa Msumbiji.

Shida ni hizi. Mikorosho, miembe na mihogo vimekuwa bonge moja la kijani. Anga ina michirizi ya brashi, na nikirudia kupaka pale palipoanza kukauka rangi inabanduka vipande. Halafu barabara niliichanganya ikapendeza kwenye sahani, ilipokauka ikawa nyeusi kuliko nilivyotaka. Natumia ultramarini (bluu inayoelekea zambarau), bluu ya thalo, njano ya limau, njano ya udongo, nyekundu, sienna ya kuchoma (kahawia nyekundu) na nyeupe ya titani. Ninayo na nyeusi ila naiogopa.

Mikindani_Rangi:
Kabla ya kijani, piga picha hiyo kazi kwa simu kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Nakuhakikishia mikorosho na mihogo vitatoka kijivu kilekile. Hapo ndipo penye ugonjwa. Unaweza kuwa na kijani cha aina saba, lakini kama vyote vina mwanga sawa, jicho linaviona kimoja.

Mtindo wa kurahisisha unataka uamue ngazi za mwanga mapema. Nne zinatosha: anga nyeupe zaidi, vilima vya mbali vinafuata, mihogo na barabara katikati, mikorosho iwe giza kuliko vyote. Chora vijipicha vitatu au vinne kwa penseli, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, ujaze ngazi hizo nne tu. Kisichosomeka hapo hakitasomeka kwenye sentimita 50, hata ukikimwagia rangi za bei gani.

Na angalia umbo. Mkorosho mkubwa ni mpana kuliko urefu wake, matawi yanashuka karibu na ardhi, shina halionekani sana. Mwembe umesimama, kichwa chake kizito na cha duara. Wengi wanachora vyote kama mpira juu ya kijiti, kisha wanalaumu rangi.

Dada_wa_Masasi:
Naongezea kwenye kijani, maana hapo ndipo pana kazi.

Mkorosho: sehemu 2 za njano ya limau kwa 1 ya ultramarini, kisha nyekundu kwa ncha ya brashi tu. Nyekundu inakiua kile kijani cha plastiki. Ikizidi unapata kahawia, kwa hiyo ongeza kidogokidogo. Kwa upande wa kivuli, ongeza ultramarini kwenye mchanganyiko huohuo. Mwembe: thalo na njano ya udongo, kijani cha giza chenye ubaridi. Thalo ina nguvu mno; anza na njano, uipelekee thalo kidogo sana, usifanye kinyume, utamaliza tyubu nzima ya njano ukiirekebisha. Mihogo: njano ya limau nyingi, nyeupe, na tone la kijani cha mkorosho.

Nyeupe usiitupie kila mahali. Inang'arisha rangi lakini inaipoza na kuifanya kama chokaa. Ukitaka kijani kiwe cheupe na bado kiwe na joto, tangulia na njano, nyeupe ije mwisho.

Kitu kimoja watu wanakiruka: majani machanga ya mkorosho hayana kijani, ni mekundu yanayoelekea kahawia. Mabaka matatu au manne ya sienna na njano ya udongo juu ya kichwa cha mti yanautenga na mwembe papo hapo, na yanaoana na rangi ya barabara.

Nyeusi usiiogope. Njano ya limau na nyeusi kidogo inatoa kijani cha zeituni kizuri sana kwa vichaka vikavu.

Mikindani_Rangi:
Kwa vichaka nakubali. Ila kivuli kinachoangukia barabara asiweke nyeusi, udongo utaonekana umemwagiwa oili chafu. Sienna na ultramarini, kidogo nyeupe, kivuli kielekee zambarau.

Fundi_Fremu_Lindi:
Mambo ya anga na kubanduka. Akriliki ikishaanza kushika juu huku chini bado mbichi, brashi ikipita inauvua ule utando. Kwa hiyo ukishapaka, acha. Tabaka jembamba likauke kabisa, dakika 20 hadi 30 kama hakuna upepo wa feni, kisha la pili. Anga bapa inataka tabaka mbili au tatu, na la pili lipakwe kukatisha la kwanza.

Uzito wa rangi uwe wa mtindi. Maji yakizidi, gundi iliyomo kwenye rangi inakosa nguvu, inakauka dhaifu na kufutika. Kwa tabaka la kufunika usizidishe theluthi moja ya maji. Ukitaka nyepesi zaidi tumia midiamu ya akriliki, yaani gundi ya akriliki isiyo na rangi. Brashi iwe bapa, laini, ya inchi moja. Ile ya manyoya magumu ndiyo inayoacha michirizi.

Kuhusu barabara kuwa nyeusi ikikauka: gundi ikiwa mbichi ina weupe wa maziwa, ikikauka inakuwa angavu, weupe unaondoka. Paka kipande kwenye karatasi, kikauke, ndipo uamue. Na changanya rangi ya kutosha picha nzima, uihifadhi kwenye kikopo chenye kifuniko. Kuitafuta rangi ileile kesho yake ni mateso.

Bonde_la_Ruvuma:
Nimewapata, shukrani sana. Mawili ya mwisho. Ukingo wa barabara nautaka ukatike safi, nikitumia tepu ya karatasi rangi inapenya chini. Na nina hadibodi, naweza kuandalia rangi ya ukuta?

Fundi_Fremu_Lindi:
Tepu: bandika juu ya rangi iliyokauka, kandamiza kwa kucha, kisha pitisha kwanza rangi ileile iliyo chini ya tepu. Hiyo ndiyo itakayopenya, haitaonekana. Ikikauka weka rangi ya barabara, bandua wakati bado mbichi kidogo, ukivuta kwa kulaza.

Hadibodi sawa. Piga msasa upande laini, futa vumbi. Rangi ya maji nyeupe isiyong'aa inafaa kwa mazoezi; kazi ya kuuza weka jeso (rangi nyeupe ya kutayarishia ubao) tabaka mbili. Rangi ya mafuta usiguse, akriliki juu yake haishiki, itabanduka.

Dada_wa_Masasi:
Mteja akikwambia anataka ing'ae kama za Tingatinga, mweleze mapema: Edward Saidi Tingatinga alitumia rangi za enameli, mng'ao ule ni wa rangi yenyewe. Akriliki unaimalizia kwa vanishi ya kung'aa, tabaka mbili nyembamba, baada ya wiki hivi. Siku ya mvua ahirisha, vanishi ikinasa unyevu inaweka ukungu mweupe juu ya zile kijani ulizohangaikia.