Droni karibu na moto wa msituni: kufuli lirudi au tuwaachie warushaji?

Wakuu, hili la kufuli, yaani ile programu iliyokuwa inazuia droni kuingia anga lililofungwa, limenikaa kichwani, nalileta tulichambue.

Januari 9, 2025, siku ya tatu ya moto wa Palisades kule Los Angeles, ndege ya kuzima moto iliyotoka Quebec, Kanada, iligongana na droni. Ni zile CL-415 zinazochota maji baharini huku zinakimbia, tumboni zinabeba lita kama 6,000. Bawa la kushoto likapata tundu la takriban sentimita 8 kwa 15. Ilitua salama, lakini ikakaa chini siku kadhaa ikitengenezwa huku mitaa inaungua.

Droni yenyewe ni Mini 3 Pro ya kampuni ya DJI, haifiki hata gramu 250. Hizi tunazoita za kuchezea.

Mwenye droni alipanda juu ya jengo la kuegesha magari Santa Monica, mji wa jirani, akaituma zaidi ya kilomita mbili na nusu kwenda kuangalia moto, ikampotea machoni. Anga lote lile lilikuwa limefungwa. Baadaye alikiri kosa, akakubali kulipa dola 65,169 na kufanya saa 150 za kazi za jamii. Mawakili wake wakajitetea kwamba alitegemea droni ingegoma yenyewe kuingia eneo lililofungwa. Haikugoma.

Sasa sikilizeni: siku nne tu baada ya ajali, DJI wakatangaza kwamba kwa Marekani kampuni inaondoa lile kufuli. Badala yake droni inatoa onyo kwenye skrini, unalifuta kwa kidole, unaendelea. Mimi nasema kufuli lirudi. Mnasemaje?

Fundi Kamera: Mkuu, umejijibu mwenyewe. Kufuli lilikuwepo na ndege ikagongwa! Anga la moto hufungwa ghafla. Kama simu yako haijapakua taarifa mpya, droni itajuaje? Halafu kufuli lilikuwa linawabana hata watu wenye vibali. Kikosi cha uokoaji kina haraka, kinaanza kuomba kufunguliwa na kampuni. Waliolitoa wanasema wajibu ni wa anayeshika rimoti, na hapo nawaunga mkono. Kwenye gari hakuna kufuli linalokuzuia kupita taa nyekundu, kuna trafiki.

Mleta mada: Trafiki wa angani yuko wapi, kaka? Yule walimpata kwa sababu mabaki ya droni yaliokotwa. Anayepita karibu bila kugonga harudi kujisalimisha.

Na hii hoja ya "mimi narusha chini ya mita 120, niko kisheria" ndiyo inayonichosha kabisa. Ndege ya abiria haishuki huko ila karibu na uwanja, sawa. Ya moto inashuka hadi mita 45 hivi kumwaga maji, ndani ya moshi. Yaani ile nafasi uliyopewa wewe ndiyo anayofanyia kazi rubani wake. Marubani wakiona droni tu, bila hata kugongwa, wanalazimika kusitisha safari za eneo hilo.

Nitawapa la kwangu. Napiga picha za harusi. Juzi droni iko juu ya ukumbi, macho yangu kwenye skrini, naona bibi harusi na shela, kila kitu shwari. Ghafla watu wakapiga kelele. Mwewe alikuwa anaizunguka kutoka nyuma, ananyoosha kucha. Kwenye skrini sikuona hata unyoya. Ile kamera inaangalia ilikoelekezwa basi. Na huyo ni mwewe, hana injini mbili.

Mzee wa Marangu: Vijana, mnagombania ndege ambazo huku wengine hatujawahi kuziona. Oktoba 2020 Kilimanjaro ilipowaka pale Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, watu walipanda kwa mamia, wanapiga moto kwa matawi. Kwa mlima kama ule, macho ya juu ni msaada mkubwa. Msije mkapiga marufuku mpaka na zimamoto wakakosa.

Mleta mada: Shikamoo mzee. Hapana, za zimamoto ziruke, hata Marekani wanazitumia, zina kamera za kuona joto kupitia moshi. Tofauti ni kwamba zile zinapangwa na mtu mmoja anayejua ndege ipi iko wapi. Wa Santa Monica hakuna aliyejua kama yupo.

Fundi Kamera: Sawa, lakini uwe mkweli. Umehamishwa usiku, barabara imefungwa, hujui kama nyumba ya mama yako bado imesimama. Droni iko kwenye begi, betri imejaa. Hutairusha?

Mleta mada: Ningeirusha, kaka. Ndiyo maana nataka igome.