Tupeane uzoefu: jumba la maduka lililokupokea ulipofika Marekani

Mleta mada

Wakuu, salaam. Majumba ya maduka ya vitongojini huku Marekani yanafungwa moja baada ya jingine. Kila likifungwa, habari zinazoandikwa ni za maduka yaliyokufa na kodi iliyopotea. Wale waliokuwa wakikaa humo bila kununua kitu hawatajwi, na wengi wetu tulikuwa miongoni mwao. Huna gari, humjui mtu, baridi inakata masikio: ulikwenda wapi? Naomba tusimulie wenyewe.

Nitangulize historia, maana nimeishi jirani na lile la kwanza. Southdale, mjini Edina, Minnesota, lilifunguliwa Oktoba 1956. Lilikuwa la kwanza nchini kufunikwa lote chini ya paa moja na kuwekewa mitambo ya joto na ubaridi, ndani hali ikawa moja Januari na Julai. Maduka 72, nafasi za magari zaidi ya 5,000, gharama dola milioni 20. Waliotoa fedha ni ukoo wa Dayton, wenye duka kubwa la Minneapolis. Kampuni yao ndiyo iliyoanzisha maduka ya Target mwaka 1962.

Aliyelichora ni Victor Gruen, Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938. Sisi tuliokuja kwa njia ya ukimbizi tumtazame vizuri mtu huyu. Aliona watu wa vitongojini wanatoka nyumbani, wanaingia garini, wanarudi nyumbani, na hawana mahali pa kukutana. Akataka kuwapa uwanja kama ule aliokulia. Katikati ya Southdale akaweka miti, bwawa la samaki, kizimba kikubwa cha ndege na mkahawa. Mchoro wake kamili ulikuwa na nyumba, shule, huduma za afya, bustani na ziwa kuzunguka maduka. Wajenzi wengine nchi nzima wakaiga sehemu yenye faida, yaani maduka na maegesho, hayo mengine wakayaacha. Uzeeni Gruen alirudi Vienna, na mwaka 1978 akasimama London akayakana hadharani yale yaliyojengwa kwa kumuiga. Alifariki 1980.

Na lisemwe pia kwamba uwanja ule haukukusudiwa watu kama sisi. Edina hiyohiyo ina mtaa wa Country Club, ambako hati za nyumba za miaka ya 1920 zilikataza asiye mzungu kununua au kupanga. Mahakama Kuu ya Marekani ilizinyima hati za namna hiyo nguvu mwaka 1948, lakini sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi wa makazi ilikuja 1968. Kwa hiyo leo nikiona mama wa Kisomali na wanawe wamekaa Southdale kwa raha zao, moyo wangu unafurahi kweli.

Mimi basi la kazini nilikuwa nalipandia pale. Nilikuwa nawahi makusudi nikae ndani kwenye joto, nasoma matangazo ya maduka kwa sauti ya chini mpaka ulimi ukazoea Kiingereza cha huku. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Bibi wa Tanga

Hamjambo wanangu. Mimi niliitwa na binti yangu nije kulea mjukuu, huko huko Minnesota. Baridi iliponiingia magotini daktari akasema nitembee kila siku. Nitembee wapi, barafu mpaka mlangoni? Binti akanipeleka Mall of America, pale Bloomington. Asubuhi maduka hayajafunguliwa, lakini milango iko wazi na wazee wanazunguka, wengine na fimbo. Namsukuma mjukuu kwenye kigari, napiga mizunguko. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu tukienda sambamba. Kiingereza changu kidogo, Kiswahili yeye hana, lakini siku nisipofika ananiulizia. Nilipoagwa kurudi Tanga alinifumia mtandio. Ninao.

Mleta mada

Shikamoo bibi. Asante sana, umetufungulia vizuri.

Wa Kisumu, Cleveland

Huku Ohio tulikuwa na Randall Park Mall, katika kakijiji ka North Randall nje ya Cleveland. Lilifunguliwa 1976, likatangazwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Mimi nililikuta linakata roho: duka kubwa limeondoka, madogo yanafuata, maana wateja walikuwa wakivutwa na lile kubwa. Lilifungwa 2009, likabomolewa, na tangu 2018 pamesimama ghala la Amazon. Kazi zimerudi, hilo silikatai, mimi mwenyewe nimepata riziki kwenye maghala. Ila ghalani unaingia kwa kitambulisho na unatoka zamu ikiisha. Mama yangu akija kutembea siwezi kumpeleka pale akapumzike.

Mama Uvira

Sisi tulifika Kentucky familia nzima kutoka kambini. Mimi jumba la maduka lilinifundisha gari. Lilikuwa limebaki maduka machache, maegesho ni uwanja mtupu. Jumapili baada ya ibada wanaume walikuwa wanatupeleka wamama pale, tunapokezana usukani, watoto wanacheka pembeni. Siku moja mlinzi akatufukuza, akasema ni mali ya mtu. Tuliumia, kwa sababu hatukumzuia mteja hata mmoja. Lakini leseni nilipata, na leo ni mimi ninapeleka wengine kazini.

Mleta mada

Pole na hongera, mama. Hapo kwa mlinzi ndipo penye kidonda. Panaonekana pa watu wote, kumbe pana mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukuondoa. Kuna kesi ya Pruneyard, jumba la maduka la California: wanafunzi wa sekondari walikuwa wakikusanya saini humo, wakatolewa. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema jimbo lina haki ya kulinda uhuru wa kusema hata ndani ya jumba la mtu binafsi. California inalinda, majimbo mengi hayalindi. Gruen aliwapa uwanja wa mji, lakini ufunguo ukabaki kwa mwenye mali.

Kijana wa Bloomington

Mimi nimezaliwa hapa, Kiswahili cha nyumbani, mnisamehe. Mwaka 1996 Mall of America waliweka sheria: aliye chini ya miaka 16 asiingie jioni za Ijumaa na Jumamosi bila mtu mzima. Baadaye ilizidi kubana. Sisi vijana weusi tuliulizwa umri sana, na sio hapo tu. Tulibaki kukaa kwenye magari ya kaka zetu.

Mfanyabiashara, Minneapolis

Mmelisahau la kwetu! Karmel Mall, hapa mjini, la Wasomali. Hakuna duka kubwa la kuvuta wateja. Kuna vijiduka kwa mamia vimebanana: mshona nguo, kinyozi, wa kutuma fedha, chai ya maziwa, sambusa, na msikiti humo humo. Wengi wenye vijiduka waliishi Kenya, Eastleigh au kambi ya Dadaab, kwa hiyo Kiswahili utakisikia bila kukitafuta. Nilipofika sikuwa hata na pahali pa kulala. Niliingia nikauliza kwa Kiswahili, kabla ya magharibi nilikuwa na chumba na kibarua. Watu wanakaa na kikombe kimoja cha chai mchana kutwa na hakuna anayewatazama vibaya. Gruen angekuja hapa angekuta alichokuwa anakitafuta, hata kama ndege na samaki hatuna.

Wa Morogoro, mgeni Edina

Wakuu, nimefika mwezi huu, nimesoma yote. Mama mkwe yuko nami na amejifungia ndani kwa baridi. Hiyo milango ya asubuhi ni kwa wote au mpaka ujiandikishe?

Bibi wa Tanga

Mimi sikuandikwa popote, mwanangu, niliingia tu. Mvalishe viatu vya raba, soksi mbili, umpeleke kesho.