Tupeane uzoefu: ulibadilisha mpangilio kwenye Debug, Release ikakugomea

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Jana nimehaha karibu siku nzima kwa jambo la dakika moja, nikaona nililete hapa tupeane uzoefu.

Nina mradi wa C++ kwenye Visual Studio (programu ya kuandikia kodi na kuibildi, yaani kuigeuza kuwa programu). Niliongeza njia ya folda ya maktaba mpya kwenye mipangilio, nikabildi, ikakubali, nikaendelea na kazi wiki mbili. Siku ya kutoa toleo nahamia Release (konfigi, yaani seti ya mipangilio, ya kubildi toleo la watumiaji; Debug ni ya kusakia makosa), kompaila inasema haioni hata faili moja la heda la ile maktaba. Nikashuku maktaba yenyewe. Nikaifuta, nikaipakua upya, wapi!

Kumbe juu kabisa ya dirisha la mipangilio kuna visanduku viwili, kimoja cha konfigi na kingine cha jukwaa, na dirisha likifunguka linakuwekea ile unayoitumia wakati huo. Mimi nilikuwa kwenye Debug ya x64 (biti 64; x86 ni biti 32). Debug na Release, kila moja ina x86 na x64: sehemu nne, nami nimegusa moja. Nyie mnaliepukaje hili?

kibodi_moto
Pole sana mkuu. Wengi watakwambia chagua "All Configurations" yaishe. Mimi hapo ndipo nilipoumia.

Nilitaka kuongeza neno moja tu kwenye Preprocessor Definitions (orodha ya maneno anayopewa kompaila kabla ya kuanza kukompaili). Kisanduku kikaonyesha `<different options>`, kwa kuwa kila konfigi ina orodha yake. Nikafuta maandishi yale, nikaweka neno langu, nikabonyeza OK. Hapo nilikuwa nimefagia orodha zote, na NDEBUG ya Release ikaondoka nazo.

Ubaya ni kwamba hakuna kilicholalamika. Debug haikubadilika kwa sababu ukikompaili kwa /MDd (chaguo la maktaba ya C++ ya Debug; ya Release ni /MD), `_DEBUG` inajileta yenyewe. Release nayo ikabildi safi. Mteja ndiye aliyekuja kuniambia programu imezimika na ujumbe wa assert (ukaguzi ndani ya kodi unaosimamisha programu sharti lisipotimia), wakati assert ndizo NDEBUG inazozizima. Iliniuma sana, kwa sababu aliniamini.

Siku hizi nikiyaona maneno yale siandiki kitu, napita konfigi moja moja. Na mwisho wa orodha naiacha `%(PreprocessorDefinitions)` mahali pake, ili vinavyorithiwa viendelee kuingia.

mtulivu_64
Yangu fupi. Niliweka /MD kwenye konfigi zote kwa mkupuo. Kulinka Debug (kuunganisha vipande vilivyokompailiwa) nikapata kosa LNK2038, la vipande visivyolingana: maktaba moja ni `MDd_DynamicDebug`, mradi wangu `MD_DynamicRelease`. Kuna mipangilio ambayo *inapaswa* kutofautiana, na huo ni mmojawapo.

fundi_wa_usiku
Wakuu, ukiwa na mradi mmoja utavumilia. Sisi kazini tulikuwa na miradi 11 ndani ya solushani moja (kundi la miradi), kila mmoja na sehemu zake nne. Kubadilisha njia moja ya folda ni kufungua dirisha mpaka mkono unachoka, na lazima utasahau mahali.

Kilichotuokoa ni faili za .props. Unaandika cha pamoja mara moja, unaliunganisha faili na miradi kupitia Property Manager, basi. Ila tulikwama siku mbili: baadhi ya miradi haikufuata faili lile. Angalieni herufi. Thamani ikiwa imekolezwa wino, maana yake mradi wenyewe umeiandika, na ya mradi inaishinda ya .props. Tulizirudisha moja baada ya nyingine kwenye chaguo la kurithi, ndipo zikatii.

mstari_kwa_mstari
Mimi dirisha silitegemei peke yake. Faili la .vcxproj, linalohifadhi mipangilio ya mradi, ni maandishi ya XML, na kila sehemu ina sharti lake, mfano `'$(Configuration)|$(Platform)'=='Debug|x64'`. Kabla ya kukomiti (kuhifadhi mabadiliko kwenye Git) naendesha `git diff`, inayoonyesha mistari iliyobadilika. Kama badiliko ni la sehemu zote nne, mstari lazima utokee mara nne. Usishangae kukuta Win32: solushani inaandika x86, mradi unaandika Win32, ni kitu kilekile.

Mleta mada
Asanteni sana wakuu. @mstari_kwa_mstari, nimeendesha sasa hivi, na nilikuwa naamini jana nilimaliza kila kitu. Mstari umetokea mara tatu. `Release|Win32` haupo. Naurekebisha, halafu nahamia .props.