Mnaosema vifaru vya Mussolini ndo viliwamaliza Wahabeshi mnaniudhi sana

Wakuu mnisamehe, leo naandika na hasira. Jana nimetumiwa klipu ya vita ya Ethiopia ya 1935, jamaa anasimulia kwa sauti nzito eti Mussolini, yule dikteta wa Italia, alishusha vifaru vya kutisha Wahabeshi wakafyekwa, na huko kwenye komenti watu wanashangilia tu. Hivi mmewahi kukiangalia hicho kifaru chenyewe jamani??

Ni CV-33, baadaye wakaiita L3. Tani tatu na ushee, urefu kwenda juu kinakufika kifuani, ndani wamebanana watu wawili. Kile kichwa cha juu cha kuzunguka hakina! Bombomu mbili zimechomekwa mbele na zinageuka kidogo tu, kwahiyo ukimjia kwa ubavuni hana la kukufanya mpaka ageuze gari zima, na hapo ageuze kwenye mawe. Chuma chake pale penye unene ni milimita 14 hivi.

Desemba 1935 pale Dembeguina, kaskazini mwa Ethiopia, watu wa Ras Imru, kamanda wa Wahabeshi, waliwawahi Waitaliano kwenye njia ya mlimani, vile vimkebe vikatumwa kufungua njia vikanasa kwenye mawe, Wahabeshi wakavizunguka, vingine wakavipindua vingine wakavitia moto. Ndo hivyo vifaru vya kutisha?? Kule Hispania mwaka uliofuata, kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vikakutana na vifaru T-26 vya Warusi vyenye mzinga wa milimita 45, hapo hata sitaki kusimulia.

Na walivyo na roho ngumu wakaviuza nje! Tena hata ubunifu haukuwa wao, walianzia kwenye Carden Loyd, kile kifaru kidogo cha Waingereza. Hungaria ikabeba karibu 150, Bulgaria 14, Austria, China, Brazil, Iraq nao wamo, bei ilikuwa chee basi kila mtu anajiona na yeye ana vifaru. Juni 1940 Italia inaingia vita kuu, vifaru ilivyonavyo kwa wingi bado ni hivihivi, ikavipeleka jangwani Libya.

Kilichowaumiza Wahabeshi ni ndege na gesi ya haradali, ile gesi ya sumu, ilimwagwa mpaka kwa raia na mifugo yao, na serikali ya Italia imekuja kukiri rasmi 1996, mi niko hai kabisa. Klipu nimeirudia mara mbili nikadhani labda nimepitiwa, gesi haijatajwa hata sehemu moja.